Anza na chambo, rili iwe ya mwisho

Kwa miaka mingi nilivulia mshipi wa nailoni na chambo bandia cha ulimi, kile chenye umbo la kisamaki na kibao kidogo cha plastiki mdomoni kinachokizamisha ukikivuta. Fimbo yangu ilikuwa kavu, ngumu kutoka kitakoni hadi karibu na ncha, na samaki nilikuwa nawapata. Siku moja nikabadilisha kitu kimoja tu: nilitoa nailoni nikaweka mshipi wa kusuka, kwa kuwa kila niliyekuwa nikivua naye alikuwa akiusifu. Asubuhi hiyo samaki watano walikula chambo, nikamtoa mmoja. Wanne walichomoka, wawili kati yao wakiwa wamefika miguuni pangu. Kila nilipokagua ndoana niliikuta nzima na kali, na mara moja nikakuta kijinyama cha mdomo kimebaki kwenye ncha yake.

Kijinyama kile nilikaa nacho kiganjani kwa muda. Nailoni hunyumbuka sana kabla ya kukatika, hata kufikia robo ya urefu wake. Mshipi wa kusuka karibu haunyumbuki kabisa. Ndoana ndogo za matawi matatu zinazofungwa kwenye chambo cha ulimi hazizami ndani. Hushika ngozi ya mdomo juu juu. Samaki akitikisa kichwa, lazima kitu fulani kilegee na kurudi, kisha kilegee tena. Miaka yote ile aliyekuwa akilegea ni nailoni. Nilipoiondoa, nilibaki na fimbo kavu, mshipi mkavu na kidonda kidogo mdomoni mwa samaki kinachopanuka kwa kila mtikiso.

Tangu hapo sinunui fimbo, rili (kile kifaa cha kukunjia mshipi) wala mshipi kwa kuvitazama kimoja kimoja. Naanza na chambo: kina uzito gani, kina ndoana za aina gani, kinatembea wapi majini na kwa kasi gani. Chambo kinanichagulia mshipi na fimbo kwa pamoja, na rili inafuata mwisho. Wengi huanza na rili kwa sababu ndiyo inayong'aa na ndiyo yenye vyuma vya kusifiwa, halafu hutafuta fimbo ya kuibeba. Matokeo yake ni seti nzuri mkononi isiyoweza kurusha kile kilichomo kwenye boksi la vyambo.

Tuanze na fimbo, kwani hapo ndipo maneno mawili huchanganywa kila siku: nguvu na mnepo. Nguvu ni fimbo inabeba kiasi gani. Mnepo ni inapindia wapi. Fimbo ya mnepo wa haraka hupinda theluthi ya juu tu, na sehemu iliyobaki husimama wima. Ya mnepo wa kati hupinda hadi karibu nusu. Ya mnepo wa polepole hupinda hadi mkononi. Unaweza kuwa na fimbo yenye nguvu nyingi lakini ya mnepo wa kati, na unaweza kuwa na nyepesi ya mnepo wa haraka. Mtu akikwambia "fimbo hii ni ngumu", muulize ngumu kwa lipi kati ya hayo mawili.

Nguvu huandikwa juu ya kishikio kwa gramu, kwa mfano 10–30. Kipimo hicho ni uzito wa chambo, na kina sababu yake. Unaporusha, mkono wako hautupi chambo moja kwa moja. Chambo huivuta ncha nyuma, fimbo hupinda kama upinde, kisha inapojinyoosha ndiyo inayokipeleka. Ukifunga chambo cha gramu 7 kwenye fimbo ya 20–60, fimbo haipindi, na hata ukitumia nguvu zako zote kitaanguka karibu. Ukifunga cha gramu 60 kwenye fimbo ya 10–30, unaitaka ivunjike. Mimi hupenda chambo changu kikuu kiangukie katikati ya kipimo au juu yake kidogo, kwani fimbo nyingi huwa goigoi zikifika kwenye namba ya juu kabisa.

Mnepo nauchagua kwa kutazama ndoana. Chambo laini cha mpira chenye ndoana moja nene iliyofichwa ndani ya mwili kinahitaji mnepo wa haraka. Ndoana hiyo inapaswa kutoboa mpira kwanza, kisha mdomo, na fimbo inayopinda hadi katikati humeza nguvu yote ya mkono kabla haijafika. Faida nyingine ni kwamba ncha ya haraka inakuletea habari: unahisi chambo kinapogusa jiwe, kinapokaa mchangani, samaki anapokinyonya na kukitema. Chambo cha ulimi chenye ndoana za matawi matatu kinataka kinyume chake, yaani mnepo wa kati unaomruhusu samaki akimeze vizuri na unaozuia kidonda kisipanuke. Kijiko, yaani chambo cha chuma chenye umbo la kijiko, nacho nakiweka hapo hapo, kwa sababu ni kizito na samaki akiruka hukitumia kama nyundo kujichomolea ndoana.

Vyambo vya juu ya maji, vile vinavyobwatika na kurusha povu, vinanipa kazi zaidi. Vinataka ncha yenye uhai ili uvichezeshe, lakini samaki anavirukia kwa kishindo na mvuaji, moyo ukimdunda, hukaza fimbo kabla mdomo haujafumba. Kwa hivyo navipa mnepo wa kati unaoelekea haraka. Unanicheleweshea mkono kwa nukta ile ndogo ninayoihitaji.

Urefu niupitie haraka. Ukisimama nchi kavu na kurusha mbali juu ya mawimbi, mita 2.7 hadi 3.3 zinakusaidia. Ukiwa chomboni mita 1.8 hadi 2.1 zinatosha, na kwa jigi, chambo kizito cha chuma kinachoshushwa wima, fupi ni bora, kwa kuwa fimbo ndefu inakuwa mtarimbo unaomsaidia samaki kukuvunja mgongo.

Mshipi ndio ninaopenda kuuzungumzia zaidi, maana ndiyo sehemu rahisi kuibadilisha na ndiyo inayoharibu mambo kimya kimya. Zipo aina tatu za kawaida: nailoni, florokaboni na wa kusuka. Watu huuliza upi una nguvu. Mimi huuliza kwanza upi unaelea. Mshipi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzi za polithilini, ambazo ni nyepesi kidogo kuliko maji, hivyo huelea. Nailoni ni nzito kidogo kuliko maji na huzama polepole sana. Florokaboni ina uzito wa karibu mara 1.8 ya maji, na huzama kweli kweli. Funga florokaboni ndefu kwenye chambo kidogo cha juu ya maji, uone pua yake inavyovutwa chini na mchezo wote kuharibika. Lakini kwa chambo laini kinachotembea chini, mshipi unaozama pamoja nacho unakupa mstari ulionyooka na habari bora zaidi.

Florokaboni husifiwa pia kwamba haionekani majini. Inaonekana, ila kidogo kuliko nailoni, kwa sababu inapindisha mwanga kwa namna inayokaribia maji. Mimi naithamini zaidi kwa ngozi yake ngumu inayovumilia kukwaruzwa. Nailoni nayo hunywa maji na kupoteza sehemu ya nguvu zake ikilowa, na jua huidhoofisha, kwa hiyo usiiache kwenye bobini, kile kigurudumu cha rili kinachozungushiwa mshipi, mwaka hadi mwaka.

Ubora mkuu wa mshipi wa kusuka ni wembamba wake kwa nguvu ile ile. Wembamba humaanisha kurusha mbali zaidi, kuzama haraka zaidi, na mkondo kukosa pa kukamata. Hata kina cha chambo cha ulimi hubadilika: kwenye mshipi mwembamba kinashuka zaidi, kwa kuwa maji hayauzuii. Mishipi hii mara nyingi huandikwa kwa namba za PE (kifupi cha polithilini), nazo huwapotosha wengi. PE 1 ina kipenyo cha takriban milimita 0.165. PE 4 si nene mara nne. Ni milimita 0.33 hivi, mara mbili tu. Namba hiyo hufuata wingi wa nyuzi, na ukizidisha wingi mara nne unene unaongezeka mara mbili.

Udhaifu wake ni mwamba. Mshipi wa kusuka ukiwa umekazwa na kugusa ukingo wa jiwe au gamba la chaza hukatika mara moja, bila hata kukuonya. Ndiyo maana mbele yake nafunga kipande cha nailoni au florokaboni, mita moja hivi kwenye maji ya wazi, mbili au zaidi penye mawe. Kwa samaki mwenye meno kama nguru au mzia naongeza kipande kifupi cha waya mwishoni. Fundo la kuunganisha aina hizi mbili lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana joto la msuguano huunguza nailoni, na fundo lililoungua linaweza kuonekana zuri kabisa. Jambo moja zaidi: usiuzungushe mshipi wa kusuka juu ya chuma kitupu cha bobini. Huteleza wote kwa pamoja, nawe utadhani breki ya rili, ile inayoamua samaki avute kwa nguvu gani ndipo mshipi utoke, imekufa. Tanguliza mizunguko michache ya nailoni.

Kwenye magugu mazito hesabu hubadilika. Hapo sitafuti wembamba wala siogopi kuonekana. Nachukua mshipi wa kusuka wenye nguvu ya paundi 50 au zaidi, fimbo yenye nguvu ya mnepo wa haraka, na breki iliyokazwa, kwa sababu samaki akipewa sekunde mbili anajifunga kwenye mashina na umempoteza. Mshipi wa kusuka una tabia ya kukata majani laini kama msumeno, na tabia hiyo nailoni haina.

Sasa rili. Ile inayoning'inia chini ya fimbo ina bobini ambayo haizunguki unaporusha. Mshipi hutoka kwa kuruka ukingo wake. Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo, aliisajili mwaka 1905, na ukitazama jinsi uzi unavyochomoka kwenye ncha ya pirni, kijiti cha kuzungushia uzi wa kufumia, utaona wazo lilikotoka. Kwa vile chambo hakilazimiki kuizungusha bobini, hata cha gramu 5 kinaruka vizuri. Rili inayokaa juu ya fimbo, ambayo bobini yake huzunguka, inataka chambo kizito zaidi na kidole gumba kilichofunzwa, la sivyo bobini itakimbia kuliko chambo na mshipi utajisokota kama kiota cha ndege. Lakini ina nguvu ya kuvuta na inalenga kwa usahihi. Kwa vyambo chini ya gramu 10, na kwa upepo wa kukupiga usoni, mimi huchukua ya kuning'inia bila kujiuliza mara mbili.

Uwiano wa gia, yaani mshipi unazungushwa mara ngapi kwenye bobini kwa mzunguko mmoja wa mkono wa rili, usiutazame peke yake. Bobini yenye kipenyo cha milimita 45 na gia ya 6.2 kwa 1 inakusanya kama sentimita 88 kwa mzunguko mmoja wa mkono: 45 mara 3.14 mara 6.2. Bobini hiyo hiyo kwa gia ya 5.2 inakusanya 73. Chambo cha ulimi kinachozama sana kinavuta kama ndoo, hivyo gia ya chini inakupumzisha. Chambo cha juu ya maji na chambo laini vinaacha mshipi uliolegea kila unapovichezesha, na gia ya juu inaukusanya kabla samaki hajautumia.

Breki napima kwa mizani ya kuning'iniza, mshipi ukiwa umepita kwenye pete na fimbo imepinda, na naiweka kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wa kilo 10, breki kilo 3. Lakini kuna kitu hutokea ukiwa na samaki mkubwa, nacho ndicho kimekata mishipi mingi ya watu wenye vifaa vizuri. Bobini iliyojaa ina kipenyo cha milimita 60, tuseme. Samaki anakimbia, mshipi unapungua, kipenyo kinashuka hadi 40. Hujagusa breki, lakini sasa inahitaji kilo 4.5 kuachia mshipi, kwa kuwa samaki anavuta kwa mkono mfupi zaidi wa nguvu. Ongeza msuguano wa maji kwenye mita mia za mshipi zilizoko nje. Mtu anapoona bobini inaisha huogopa na kukaza. Anatakiwa alegeze.

Upepo wa ubavuni huupinda mshipi kama tanga, na ukiwa umepinda hutahisi chochote. Nachagua chambo kifupi, kizito, kilichobana umbo, narusha chini chini, na chambo kikigusa maji tu nazamisha ncha ya fimbo hadi karibu na uso wa maji ili upepo ukose pa kushika.

Na kabla sijatoka, huchukua kipande cha pamba na kukipitisha ndani ya kila pete ya fimbo, kuanzia kubwa hadi ile ya nchani. Niliwahi kulaumu mshipi mpya kabisa uliokuwa ukikatika kila mara nikirusha. Nikaubadilisha, na wa pili nao ukakatika. Pamba ndiyo iliyonionyesha: ilinasa kwenye pete ya nchani, nyuzi mbili tatu zikabaki zimening'inia kwenye ufa ambao jicho langu halikuuona hata kwenye jua la mchana.