Kifafa, Kiharusi na Yale Yasiyoulizwa Kliniki: Dhana Potofu na Ukweli

Mgonjwa wa kifafa akiingia kliniki, iwe Nakuru mjini au kituo kidogo cha afya kule Nyando, huulizwa ameanguka mara ngapi tangu aje mara ya mwisho. Wa kiharusi hupimwa presha na kuambiwa anyanyue mkono. Maswali hayo ni ya lazima. Lakini analalaje, ana nguvu za kuamka, bado anazungumza na watu wa nyumbani, kazi iliishia wapi? Hayo hupita kimya, na mara nyingi ndiyo yanayoamua kama ataendelea kumeza dawa au ataziacha. Dhana zifuatazo tunazisikia kila mara, na zinawagharimu watu afya, wengine maisha.

"Kifafa ni mapepo, au mtu amerogwa"

Kifafa hutokea pale seli za ubongo zinapofyatua umeme kwa wingi kupita kiasi, kwa muda mfupi. Visababishi vyake vingi viko hapa hapa kwetu: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda ubongoni hasa kando ya Ziwa Victoria, jeraha la kichwa baada ya ajali ya boda boda bila helmeti, kiharusi kwa watu wazima. Wengine hawana sababu inayoonekana hata kwenye picha ya ubongo, na hao pia hutibika.

Busia na maeneo ya jirani, ambako nguruwe huachwa wakizurura, kuna pia mnyoo aitwaye tegu wa nguruwe, na hapo watu huchanganya mambo. Nyama ya nguruwe isiyoiva humpa mtu tegu wa tumboni. Vifuko vya tegu ubongoni, ambavyo ndivyo huleta kifafa, hutokana na kumeza mayai ya tegu huyo, yaliyotoka kwenye kinyesi cha binadamu na kufika mdomoni kupitia mikono, maji au mboga zisizooshwa. Ndiyo maana hata asiyegusa nguruwe anaweza kuugua. Choo kinachotumika na sabuni ya kunawia mikono hukinga kifafa cha aina hiyo.

Hatuna ugomvi na maombi. Mtu anaweza kuombewa na bado akameza dawa zake. Tunachoumia nacho ni miaka inayopotea huku na huku, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu hadi asilimia 70 wenye kifafa wangeishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa inavyopasa.

"Mtie kijiko mdomoni, na povu lisikuguse"

Povu ni mate yaliyochanganyika na hewa, wakati mwingine na damu ya ulimi uliong'atwa. Haliambukizi kifafa. Ulimi nao haumezwi. Kijiko ndicho huvunja meno, na vipande vikashuka kwenye njia ya hewa.

Tuseme mama ameanguka sokoni Kibuye, kando ya mafungu ya nyanya. Angalia saa kwanza, maana muda ndio utakaokuongoza. Ondoa kisu, mawe na jiko la makaa lililo karibu. Kunja leso, iweke chini ya kichwa, legeza kilichombana shingoni. Usimshike mikono wala miguu kumzuia asitikisike. Ndivyo watu wanavyoteguka mabega. Mtikiso ukipungua, mlaze ubavu, uso ukielekea chini kidogo ili mate yatoke. Usimpe maji, soda wala dawa ya kumeza mpaka aweze kukuambia jina lake na mahali alipo. Mara nyingi mambo hutulia ndani ya dakika 1 hadi 3. Zikipita 5, au akianguka tena kabla ya kuzinduka, au akiwa mjamzito, au ameumia, au ndiyo mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali bila kungoja.

Kuna hatua ambayo mafunzo mengi huiruka. Huenda amejikojolea. Mfunike leso kiunoni kabla hajazinduka, waombe watu watawanyike, mwondoe mwenye simu anayerekodi. Akifungua macho mwambie taratibu: "Mama, ulianguka kidogo. Uko salama, tuko na wewe." Anayezinduka na kukuta duara la watu wakimtazama hubeba aibu ile nyumbani, na wengi hawarudi tena sokoni. Biashara hufa hapo, huku dawa zikiwa zinafanya kazi vizuri tu.

"Dawa zikimkubali amepona, mengine ni ya kujitakia"

Hii ndiyo dhana inayotusumbua kuliko zote. Ukiwakalisha pamoja mtu wa kifafa, wa kiharusi, wa ugonjwa wa Parkinson (ule wa kutetemeka na kukakamaa mwili) na wa kipandauso, magonjwa yao ni tofauti lakini malalamiko yanafanana mno: usingizi mbovu, uchovu usioisha kwa kulala, kusahau, hasira za karibu, huzuni, hofu ya kutoka nje, kupoteza kazi, kuachwa na marafiki. Hayo ni sehemu ya ugonjwa. Mengine hutoka kwenye ubongo ulioumia, mengine kwenye dawa, mengine kwa jinsi jamii inavyomtendea mgonjwa, na yote hulishana. Asiyelala vizuri huanguka zaidi. Anayeanguka zaidi huogopa kutoka. Anayejifungia ndani huingia kwenye huzuni, akaacha dawa, na kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta mtikiso mfululizo usiokoma, ambao unaua.

Takriban mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata unyogovu, yaani ile huzuni au kukosa hamu ya kitu chochote inayokaa wiki 2 au zaidi. Familia husema, "Lazima ahuzunike, mkono umekufa." Kusikitika ni kawaida. Lakini mwenye unyogovu hafanyi mazoezi ya viungo, hali vizuri, hamezi dawa za presha, na uwezekano wa kufa mapema hupanda. Kuutibu unyogovu ni sehemu ya kutibu kiharusi.

Hospitali nyingi hutumia dodoso la maswali 9, kila jibu likipewa alama 0 hadi 3. Anayefika 10 kati ya 27 anahitaji kuchunguzwa zaidi. Kuna mtego hapo: uchovu, usingizi na hamu ya kula, ambavyo vyote vimo katika maswali hayo, vinaweza kuharibiwa na kiharusi chenyewe. Kwa hiyo sikiliza zaidi majibu ya kukosa furaha, kujiona mzigo na kukata tamaa. Asiyeweza kusema umwangalie: anakataa chakula, anageukia ukutani wageni wakija, hataki kushikwa mkono wa mazoezi.

Kagua na dawa pia. Fenobabitoni, dawa ya kifafa ambayo hupatikana kwa bei nafuu, huweza kuleta usingizi mzito na huzuni, na kwa watoto utundu na hasira. Levetirasetamu, nayo ya kifafa, huwafanya baadhi ya watu kuwa wakali kwa namna isiyo yao. Mtu akibadilika tabia baada ya dawa mpya, mrudishe kliniki ibadilishwe kwa utaratibu, usiikatize mwenyewe. Na mwenye kifafa akihitaji dawa ya unyogovu, amitriptilini si chaguo zuri kwake maana huweza kuchochea kuanguka. Fluoksetini kwa kawaida humfaa zaidi, chini ya uangalizi, na huchukua wiki kadhaa kabla hajaona nafuu. Wengi huiacha siku ya kumi wakidhani haifanyi kazi.

Kando ya vidonge, rudisha shughuli moja aliyokuwa akiipenda, kwa kipimo kidogo. Mama aliyekuwa akichambua omena achambue kwa dakika 10, ameketi, kwa mkono unaofanya kazi, kila siku saa ile ile. Baada ya wiki ongeza. Ukimtaka afanye kazi ya zamani yote siku moja, atachoka, atashindwa, na ataamini kweli kwamba hafai.

"Ukimuuliza kuhusu kujiua utampa wazo"

La. Kuuliza waziwazi hakumwongezei mtu hatari. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema alichokificha. Muulize kwa lugha nyepesi: "Kuna wakati unahisi afadhali usiwepo? Umefikiria namna ya kujidhuru?" Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Nyumbani fungia dawa za kunyunyizia mimea, na dawa zake za ubongo zishikwe na mtu mwingine ampe kipimo cha siku. Wengine huogopa kupelekwa polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba. Huyu ni mgonjwa, na mlango wake ni wa hospitali.

"Maneno yamepotea, kwa hiyo akili imekwisha"

Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo mara nyingi hugusa sehemu ya lugha. Mzee anaelewa mengi, anajua anachotaka, neno ndilo haliji. Mbaya zaidi ni kumjadili mbele yake, shamba liuzwe au lisiuzwe, kama vile hayupo. Huku kwetu, ambako mtu mmoja huzungumza lugha mbili au tatu, lugha hizo si lazima ziharibike kwa kiwango sawa: Kiswahili kinaweza kukataa na Dholuo au Luluyia ikabaki, au kinyume chake. Jaribu zote kabla ya kuhitimisha kwamba haelewi.

Zima redio. Kaa mbele ya uso wake. Uliza swali la ndiyo au hapana, moja kwa wakati: "Baba, unataka chai?" huku ukimwonyesha kikombe. Kisha nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi. Usimmalizie sentensi isipokuwa akuombe. Usipige kelele pia. Masikio yake hayana shida.

Na akilia au kucheka ghafla bila sababu, hajifanyi. Kiharusi huweza kukata breki za hisia. Badilisha mazungumzo kwa utulivu, mpe muda, na umweleze daktari kwa sababu dawa ipo.

"Mzee anayetembea usiku na kusahau watoto wake ni mchawi"

Ugonjwa wa kusahau huvuruga saa ya ndani ya mwili, mchana ukawa usiku. Katika eneo la Kisii wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizi, na ni jambo la kuhuzunisha kabisa. Mpeleke apimwe: maambukizi, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, VVU, unyogovu na dawa anazomeza, maana baadhi ya visababishi hivi hurekebishika.

"Mwenye kifafa asisome, asifanye kazi, asizae"

Mtoto asifukuzwe shule kwa sababu anaanguka. Mwalimu anahitaji kujua hatua tulizozieleza hapo juu na asimketishe dirishani ghorofani, basi.

Kazi ichaguliwe kwa hatari yake. Kuvua usiku ziwani, kupanda nguzo, kuendesha boda boda na kukaanga samaki kwenye sufuria ya mafuta moto peke yako, hizo ziachwe angalau mpaka ugonjwa utulie kwa muda ambao daktari ataukubali. Kushona, kuuza dukani, kufunga maua kwenye mashamba ya Naivasha, kufundisha, hizo zinawezekana, ila zamu za usiku ziepukwe kwa sababu ya usingizi. Nyumbani pika ukiwa na mtu karibu, jiko liwe mahali lisipoweza kupinduka, oga kwa maji ya beseni na mlango usikomewe. Busaa na chang'aa huchochea kuanguka, hasa asubuhi pombe inapoisha mwilini.

Wanawake wengi huzaa salama, lakini mambo haya wayajue mapema. Valproeti, dawa ya kifafa, ni hatari kwa mimba: takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya ukuaji wa akili. Msichana anayeitumia aulize kuhusu dawa mbadala kabla ya mimba, bila kuiacha ghafla. Dawa nyingine za kifafa, yaani kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi na vipandikizi. Sindano ya miezi 3 au koili inayowekwa kwenye mji wa mimba humfaa zaidi. Foliki asidi 5 mg kila siku ianze kabla ya kushika mimba. Na kwa kuwa wengi kando ya ziwa wanatumia ARV, yaani dawa za VVU: kabamazepini hushusha kiwango cha dolutegraviri, mojawapo ya ARV hizo, mwilini, hivyo dolutegraviri huhitaji kumezwa 50 mg mara mbili kwa siku badala ya moja. Kliniki ya kifafa na kliniki ya VVU mara nyingi hazisomi daftari moja. Beba zote mbili kila unapokwenda.

"Mlezi ni mzima, hana haja ya kuulizwa"

Mara nyingi ni binti au mke, aliyeacha biashara kumgeuza mgonjwa kila saa 2 ili asipate vidonda vya mgongo, kumketisha wima kabla ya uji ili usiingie mapafuni, kumwosha na kumlisha. Mgongo humuuma, halali, na akichoka kabisa mgonjwa ndiye hurudi wodini. Kaka na dada walio mbali, pesa ya M-Pesa inasaidia lakini haigeuzi mtu kitandani. Pangeni zamu: angalau siku moja nzima kila wiki ambapo mwingine anashika kazi na mlezi anaondoka nyumbani. Na siku ya kliniki mlezi aombe presha yake ipimwe papo hapo, kisha aulizwe yale maswali 9 kama mgonjwa wake.