"Mbwa wa karatasi": mambo tunayokosea kuhusu klabu za mbwa

Jumapili asubuhi nikimtembeza mbwa wangu kwenye barabara za ndani za Kiamunyi, hapa Nakuru, watu hunisimamisha na swali la kwanza huwa ni bei. Nikiwashauri waonane na watu wa klabu za mbwa, zile zinazosajili mbwa wa nasaba na kuandaa maonyesho yao, kabla ya kutoa hata shilingi, wananikatalia papo hapo. Nimegundua kuwa mengi wanayoyajua kuhusu klabu hizo waliyasikia kwa wauzaji.

"Klabu ni za Wazungu na matajiri."

Huhitaji hata kuwa na mbwa. Maonyesho ya East Africa Kennel Club kule Nairobi huhudhuriwa na watu waliokuja kutazama na kuuliza tu. Adabu ni moja: mbwa anayeandaliwa kuingia uwanjani usimguse, na mwenyewe umngoje amalize ndipo umuulize. Akishamaliza, utachoka wewe kusikiliza kabla yeye hajachoka kueleza. Klabu nyingi za Marekani humtaka mgeni anayeomba kujiunga adhaminiwe na wanachama wawili. Wengi huona hicho ni kizuizi, lakini maana yake ni kwamba umepata watu wawili wa kukushika mkono.

"Wafugaji wa klabu wanakuhoji kama polisi kwa sababu hawataki kukuuzia."

Hili linaniuma, kwa maana nililiamini na likanigharimu. Kilebu wangu wa kwanza nilimnunua kando ya barabara, ndani ya katoni. Muuzaji aliniambia ana miezi miwili na hakuniuliza neno. Daktari wa mifugo alimfungua mdomo akanionyesha magego ya utotoni ndiyo kwanza yanachomoza kwenye fizi: wiki tano, wala hajachanjwa. Ugonjwa wa parvo ulimkuta hivyo. Alihara damu, na siku ya nne nikamzika nyuma ya nyumba huku mwanangu akiniuliza kama ana baridi.

Mara ya pili nilikwenda kwa mama mmoja mfugaji, upande wa Njoro. Aliniuliza ua wangu una urefu gani, nani hubaki nyumbani mchana, mtoto wangu ana miaka mingapi, na nikihamishwa kikazi mbwa atakwenda na nani. Kisha akaniketisha chini kwenye nyasi. Jike mwenye watoto akaja, akanusa viatu vyangu, akanusa mikono, akajilaza. Mama yule alikuwa akimtazama mbwa, si mimi. Hakunipa kilebu siku hiyo. Alisema wakitimiza wiki nane nirudi, na kwamba nikishindwa kumtunza, hata baada ya miaka, nimrudishe kwake, nisimtupe. Maswali yale yalikuwa ya kumlinda mbwa, na kunilinda mimi pia.

"Akiwa na karatasi, ni mzima."

Karatasi hiyo, yaani cheti cha nasaba, ni kama cheti cha kuzaliwa: kinataja baba na mama, lakini afya hakiizungumzii. Chukua mbwa aina ya Jamani shepadi (German Shepherd) tunayempenda sana hapa. Klabu yake ilianzishwa Ujerumani mwaka 1899 na Max von Stephanitz, na kumbukumbu za ukoo zipo tangu mbwa wa kwanza kusajiliwa, Horand. Hata hivyo maungio ya nyonga ya mbwa hawa yana tabia ya kuharibika, na ubovu huo hurithiwa. Omba kuona majibu ya eksirei ya nyonga za wazazi wote wawili. Mfugaji wa kweli atafurahi umeuliza.

"Wanadharau mbwa wa kijijini."

Basenji ni mbwa wa misitu ya Kongo, na jina lake lina undugu na neno letu "washenzi". Huko Marekani walizaliana ndani kwa ndani mno, ugonjwa wa figo uitwao Fanconi ukawaandama. Wapenzi wa uzao huo walifunga safari hadi vijiji vya Kongo kutafuta mbwa wapya, na mwaka 1990 daftari la American Kennel Club likafunguliwa ili hao waandikishwe. Mbwa wa kijijini asiye na karatasi ndiye aliyetafutwa aiokoe damu.

"Mlishe pilipili, mfungie gizani, atakuwa mkali."

Atakuwa mwoga, na mbwa mwoga humuuma hata mtoto wa nyumbani. Kati ya wiki ya tatu na ya kumi na nne hivi, kilebu anatakiwa azoee watu, bodaboda, kelele na mbwa wengine.

"Kichaa ni cha mbwa koko, wangu yuko ndani ya geti."

Geti halizuii kichaa. Mpango wa taifa wa kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo 2030 ulianzia katika kaunti chache, Kisumu na Siaya zikiwemo, na msingi wake ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote, wa geti na wa sokoni. Wako pia anahesabiwa. Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Usipake mafuta ya taa wala tumbaku. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu na mbwa aliyeuma ni wa jirani unayemfahamu.