Je, wajua kwa nini kidhibiti cha Spring hurudisha neno moja tu, na ukurasa mzima ukatokea?

Anayeanza kuandika programu ya wavuti kwa Java na Spring, fremuweki (yaani msimbo ulio tayari wa kujengea programu) ya Java, hukutana mapema na msimbo wa namna hii:

@GetMapping("/vitabu")
public String onyesha(Model model) {
    model.addAttribute("vitabu", huduma.vyote());
    return "orodha";
}

Methodi hii ya kidhibiti, yaani klasi inayopokea maombi ya kivinjari, haina hata lebo moja ya HTML. Inarudisha neno "orodha", herufi sita basi. Lakini fungua /vitabu kwenye kivinjari, utaona jedwali zima la vitabu. Limetoka wapi?

Limetokana na kazi ya klasi ambayo wewe hukuiandika: DispatcherServlet. Kila ombi, liwe la kutazama orodha au la kuhifadhi kitabu kipya, hupita kwanza hapo. Klasi hiyo hukagua anwani na aina ya ombi, hutafuta methodi iliyotangaza kuwa anwani hiyo ni yake, kisha huiita na kuikabidhi Model ya kubebea data. Methodi inapomaliza na kurudisha jina, jina hilo hupelekwa kwa ViewResolver, ambayo kazi yake ni kulipata faili linalohusika. Kwa Spring Boot (Spring iliyokwisha kupangwa tayari) na Thymeleaf (zana ya violezo), kama hujabadilisha mipangilio, "orodha" huwa templates/orodha.html, kiolezo cha HTML chenye nafasi za kujazwa data. Kiolezo hicho hupokea data, HTML hutengenezwa, na seva huituma kwa kivinjari.

Kuna jaribio dogo la kuthibitisha haya. Ondoa @Controller juu ya klasi yako, weka @RestController. Safari hii utaona neno orodha peke yake kwenye skrini, kwa sababu umeiambia Spring kwamba kinachorudishwa ndilo jibu lenyewe, si jina la kiolezo.

Mzunguko wote huo una sababu, na sababu hiyo ni machungu ya miaka ya nyuma. Savleti za mwanzo (klasi za Java zinazojibu maombi ya wavuti), katika miaka ya 1990, zilichapa HTML mstari kwa mstari kutoka ndani ya Java. Kubadili kichwa cha jedwali tu kulimlazimu mwanaprogramu akompaili upya. Zilipokuja kurasa za JSP, mambo yaligeuka: sasa Java ndiyo iliyochomekwa ndani ya HTML. Kwa ukurasa mdogo ilikuwa nafuu kubwa. Ukurasa ulipokua, ungekuta amri ya SQL, ya kusoma hifadhidata, imekaa katikati ya lebo za jedwali, na hapo hakuna aliyethubutu kugusa kitu: mbunifu aliogopa kuharibu hesabu, mwanaprogramu aliogopa kuharibu sura.

Mwaka 2000 Craig McClanahan alianzisha Struts, fremuweki iliyotenganisha kazi hizo. Huko nako kidhibiti kilichagua ukurasa kwa kutaja jina, mara nyingi "success", na faili la XML ndilo lililoeleza jina hilo ni la ukurasa gani. Spring, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2004, ina desturi hiyohiyo. Kwa maoni yangu, hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za MVC (Model-View-Controller, mtindo wa kutenganisha modeli, mwonekano na kidhibiti) kwenye Java: kidhibiti kinaweza kupimwa bila kivinjari wala seva, maana unachokagua ni jina lililorudishwa na data iliyowekwa.

Wengi hudhani ile Model inayopokewa na methodi ndiyo M ya MVC yote. Siyo. Modeli hasa ni vitabu vyenyewe, kanuni zake, na huduma inayovisoma kutoka hifadhidata. Kile kitu kiitwacho Model ni chombo cha kubebea data kuelekea kwenye kiolezo, na kazi yake huisha pamoja na ombi.

Chombo hicho kinahitajika kwa sababu wavuti si mahali MVC ilipozaliwa. Mnorwei Trygve Reenskaug aliibuni mwaka 1979 akiwa kwenye maabara ya utafiti ya Xerox PARC, kwa programu za lugha ya Smalltalk zilizokaa kwenye kompyuta moja. Humo mwonekano uliifuatilia modeli: data ikibadilika, skrini hujua papo hapo. Ukurasa wa wavuti ukishatumwa umeondoka. Seva haina njia ya kuuambia kwamba kitabu kimeongezwa, isipokuwa uijenge njia hiyo makusudi. Kwa hiyo kidhibiti hukusanya kila kinachohitajika mapema na kukituma chote kwa mara moja.

Hapo ndipo utaelewa pia kwa nini methodi ya kuhifadhi fomu hurudisha "redirect:/vitabu" badala ya "orodha". Ikirudisha "orodha" bila kujaza Model, jedwali litatoka tupu. Hata ukiijaza, ukurasa utakaoonekana ni jibu la ombi la POST, yaani la kutuma data. Mtumiaji akiupakia upya na kukubali kutuma fomu tena, kitabu kilekile kinaweza kuingia kwenye hifadhidata mara mbili. Kiambishi redirect: hufanya seva ijibu kwa msimbo 302 (wa kuelekeza kwingine) na anwani mpya, kivinjari chenyewe kiombe /vitabu kwa GET, yaani ombi la kusoma tu, na kuanzia hapo kupakia upya hurudia kusoma orodha tu.