palloc sio malloc iliyobadilishwa jina

Wiki hii tena nimeletewa fanksheni ya C ya PostgreSQL niikague, malloc (ya kuomba memori) juu, free (ya kuirudisha) chini, na mwenye kazi ananiambia "kaka hii haivuji, kila malloc ina free yake." Inavuja! Katikati kuna ereport(ERROR), yaani mwito wa kutupa kosa, na hiyo ikishapigwa hairudi, inaruka kwa siglongjmp mpaka huko juu makosa yanakoshughulikiwa, kwa hiyo ile free haifikiwi na memori inabaki kwenye prosesi mpaka mteja akate muunganisho. Hata usipoiandika wewe, fanksheni yoyote ya seva unayoiita inaweza kutupa kosa. Tumia palloc, ya PostgreSQL yenyewe ya kuomba memori, na usihangaike kuangalia NULL, ikikosa memori inatupa kosa yenyewe.

Sasa panaponiudhi ni hapa, ukishawaambia palloc wanaitikia "sawa, ile inajifuta fanksheni ikiisha." Haijifuti fanksheni ikiisha jamani. Inaondoka kontekisti yake (fungu la memori linalofutwa kwa mkupuo) ikisafishwa, yaani ile iliyokuwa CurrentMemoryContext pale ulipoita palloc, na mara nyingi hiyo inasafishwa kila rekodi. Huyu wa juzi nilivyomhamishia palloc akajenga jedwali lake ndani ya memori kwenye rekodi ya kwanza, pointa akaiweka kwenye static inayobaki kati ya miito, rekodi ya pili seva chali. Tukaijenga seva kwa --enable-cassert, ambayo hujaza 7f kwenye memori iliyofutwa, kufungua gdb (ya kuchungulia ndani ya prosesi) pointa ya ndani inasoma 0x7f7f7f7f7f7f7f7f. Ukiona hizo 7f usitafute zaidi, unasoma memori iliyokwishafutwa. Bila cassert inaweza kwenda vizuri tu siku nyingi, halafu prosesi moja ikianguka postmaster, prosesi mama ya seva, anaziua na za wateja wengine wote.

Kitu cha kuishi kweri nzima kiombe kwa MemoryContextAlloc kwenye fn_mcxt, kontekisti inayodumu zaidi ya rekodi moja, pointa iweke fn_extra, nafasi iliyoachwa kwa fanksheni yako. Fanksheni zinazorudisha rekodi nyingi zina multi_call_memory_ctx kwa kazi hiyo. TopMemoryContext usiiguse kwa hili, haisafishwi mpaka prosesi ife.

Na pfree, ya kurudisha ulichoomba kwa palloc, je? Fanksheni ya kawaida wala siiweki. Za kulinganisha kwenye indeksi ya B-tree ni lazima, zinaitwa mara nyingi mno bila kusafishwa katikati, hapo PG_FREE_IF_COPY, inayofuta ulichopokea kama kilinakiliwa. Ila lupu ndefu ndani ya mwito mmoja bado inanipa wasiwasi, pfree moja moja au kontekisti yangu ndogo na MemoryContextReset kila mzunguko, na kila mara naishia kuandika zote mbili nipime.