Bustani ya Pwani Ipangwe kwa Upepo

Kila yanapozuka mazungumzo ya bustani za Tanga, hoja mbili hazikosekani: muziki na sigara. Kijana anataka tamasha kila Jumamosi. Mzee anayeishi nyuma ya bustani anataka usingizi, na mama aliyeleta watoto kubembea hataki moshi. Wote wana haki ya kuitumia bustani, kwa sababu eneo la wazi ni mali ya umma. Sisi tunaoshughulika na mipangomiji tunashauri kwamba kabla ya kuamua nani apishe nani, tutazame kwanza upepo unatoka wapi. Ugomvi mwingi huisha hapo.

Katikati ya mji wetu iko upande wa kusini wa ghuba. Ukisimama Bustani ya Jamhuri ukaitazama bandari, unatazama kaskazini na mji uko mgongoni. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, hupita juu ya nyumba na kuishia baharini. Desemba hadi Machi ni zamu ya kaskazi, inayotoka baharini na kuingia mitaani. Wavuvi wa Sahare hawahitaji kuambiwa haya, lakini michoro mingi ya bustani huandaliwa kana kwamba hewa imesimama.

Upepo una kazi kubwa kwenye sauti kuliko watu wanavyodhani. Karibu na ardhi, nyumba na miti huupunguza kasi, na juu yake unakwenda mbio zaidi. Tofauti hiyo huipinda sauti. Inayokwenda na upepo hupinda kushuka chini, yaani kuja masikioni mwetu, na inayokwenda kinyume chake hupinda kupanda juu, ikapita vichwani bila kusikika. Ndiyo maana alfajiri moja unaisikia adhana ya msikiti wa mbali neno kwa neno, na alfajiri nyingine ukiwa kitanda kilekile hujui kama imeshaadhiniwa.

Kwa hiyo, kwa bustani za pwani, msimu mzuri wa matamasha ni kipupwe, Juni hadi Septemba. Masika imepita, joto limepungua, na jukwaa likiwekwa upande wa mji, spika zikitazama bahari, kusi inaisindikiza sauti kuelekea ghubani. Najua wengi hupenda Desemba kwa ajili ya sikukuu na wageni wanaorudi nyumbani. Desemba inawezekana, ila hapo kaskazi inairudisha sauti mitaani, na dawa yake ni kushusha sauti na kutumia spika ndogo nyingi zilizotawanywa kati ya watazamaji, badala ya kurundika makubwa mawili mbele ya jukwaa. Rundo la mbele hulazimika kupigwa kwa nguvu ili aliye nyuma asikie, na aliye mbele ndiye anayeumia.

Kuumia huko kuna vipimo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha: sauti isizidi wastani wa desibeli 100 ndani ya dakika 15. Uwanjani, kila umbali unapoongezeka mara mbili kutoka kwenye spika, sauti hupungua kama desibeli 6. Palipo na desibeli 100 kwa mita 10, kwa mita 20 utapata 94, na kwa mita 40 utapata 88. Kamba ya kuzuia watu wasisogelee spika ni kinga rahisi kuliko zote, na watoto wadogo wakae nyuma kabisa. Kwa viwanja vya upande wa Raskazone, wagonjwa wa Hospitali ya Bombo ndio wa kwanza kufikiriwa.

Mji uliotoa bendi za Jamhuri Jazz, Atomic Jazz na taarabu ya Black Star hauna sababu ya kuuogopa muziki wa hadharani. Unahitaji ratiba tu. Muziki unyamaze wakati wa sala za magharibi na isha, na uishe mapema, maana kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 zinatenganisha mchana na usiku, na usiku kiwango kinachoruhusiwa ni cha chini. Mwandaaji apitie kwa afisa utamaduni wa halmashauri na atoe taarifa polisi.

Jambo moja husahaulika sana: lori la jukwaa. Huegeshwa chini ya mkungu au mwembe kwa kuwa kuna kivuli. Mizizi mingi inayolisha mti iko karibu na uso wa ardhi, na huenea kupita ukingo wa matawi. Lori likishaushindilia udongo, maji na hewa haviingii tena, na mti huanza kukauka kuanzia ncha za juu miaka kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka tamasha. Magari mazito yabaki kwenye lami.

Tuje kwenye sigara. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inamkataza mtu yeyote kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na inadhibiti uvutaji katika maeneo ya umma. Wengi husema nje moshi hupotea. Hupotea kweli kwa aliye mbali, lakini anayekaa hatua moja au mbili upande unakoelekea upepo anauvuta. Moshi huo una kemikali zaidi ya 7,000, na makumi kati yake husababisha saratani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu zaidi ya milioni moja wasiovuta hufa kila mwaka duniani kwa moshi wa wenzao.

Maoni yangu ni kwamba sehemu za michezo ya watoto, mabenchi na palipo na wauza kahawa na kashata pasivutwe kabisa. Pakitengwa kona ya wavutaji, iwe ukingo wa magharibi. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo magharibi ndiko moshi unakokwenda misimu yote miwili, mradi ng'ambo ya ukingo huo pasiwe na madirisha ya watu. Pawekwe ndoo ya mchanga. Kichungi cha sigara si pamba, ni aina ya plastiki. Kipisi kilichotupwa kwenye maua husombwa na mvua ya kwanza ya vuli, kikapita mferejini hadi bandarini kikiwa bado na nikotini yake.

Halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo za mambo haya chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, na kabla ya kuzipitisha hutoa tangazo ili wananchi watoe maoni au pingamizi. Tangazo likibandikwa ofisi ya kata, andika barua ukitaja bustani, saa, na upande unaokaa wewe. Barua inayosema "naishi kusini mwa bustani, Januari sauti hunifikia chumbani hadi saa sita usiku" inamsaidia mpangaji kuliko inayosema kelele zimezidi.