Joto la darini haliondoki kwa matundu peke yake

Nimeulizwa tena, safari hii na mwenye nyumba ya zamani ya mabati pale Upanga, Dar es Salaam, kama kutoboa matundu zaidi juu ya kuta kutamaliza joto la vyumbani, kwa kuwa "joto hupanda juu". Kinachopanda ni hewa ya moto. Joto lenyewe husafiri kila upande, na sehemu kubwa ya lile linalotuunguza saa nane mchana hushuka kwa mnururisho, yaani kama miale: bati lililopigwa na jua hupita nyuzi 60 za Selsiasi na kuichoma siling bodi kutoka juu, kama mkaa unavyomchoma usoni aliyekaa kando ya jiko ilhali moshi unapanda zake. Matundu yawekwe, tena yenye wavu wa kuzuia popo, kwa sababu hupunguza hewa ya moto na unyevu. Mnururisho hayauzuii.

Kinachouzuia ni karatasi ya alumini, ile yenye plastiki upande wa pili, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Alumini safi hutoa takriban asilimia 5 tu ya mnururisho ambao uso mweusi wenye joto hilohilo ungetoa, wakati mbao na siling bodi hutoa karibu asilimia 90. Lakini sifa hiyo ipo pale tu uso unaong'aa unapotazamana na hewa. Fundi anayeugandamiza upande wa alumini kwenye bati, na kuacha upande wa plastiki ukitazama chini, amelipitisha joto kwa mgusano, na mteja amelipia mapambo. Anayeitandaza juu ya siling bodi ikiangalia juu atapata nafuu hadi vumbi litakapoifunika. Upande unaong'aa uangalie chini, chini ya mbao za paa, na hewa ibaki katikati.

Kazi hiyo hufanyika bila kung'oa bati hata moja, mradi mtu aweze kuingia darini. Nyumba nyingi za zamani hazina mlango, au zina kitundu kilichokatwa chooni ambacho mtu mzima hapiti. Kateni mlango wa sentimita 60 kwa 60 kwenye korido, katikati ya kenchi mbili, yaani fremu za mbao zinazobeba paa. Nafasi ikiwa finyu, urefusheni kufuata mbao. Boriti ya chini ya kenchi isiguswe kabisa, kwani ndiyo inayozuia paa lisitanuke na kuzisukuma kuta. Kinyesi cha popo kiloweshwe kabla ya kuzolewa, na anayekizoa avae barakoa.

Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla ya pini ya kwanza kupigiliwa, kwa maana alumini hupitisha umeme. Nchini Australia, katika mpango wa serikali wa mwaka 2009 na 2010 wa kuweka vizuia joto majumbani, vijana wanne walifariki wakifanya kazi za darini, watatu kwa umeme, na miongoni mwao wamo waliokuwa wakipigilia karatasi hiihii.

Kuhusu pamba ya nyuzi za kioo, inayotandazwa juu ya dari kuzuia joto, bado nina shaka. Kuta za matofali hubeba joto la mchana hadi usiku, wakati bati limekwisha kupoa, na pamba nene juu ya dari huzuia chumba kutoa joto lake kuelekea kwenye bati hilo. Ofisi yenye kiyoyozi mchana kutwa naiwekea bila kusita. Chumba cha kulala kisicho na kiyoyozi, hapa pwani, nakiachia karatasi peke yake.