Fatih Birol, mchumi wa nishati aliyewahesabu wasio na umeme

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, inapotangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, lawama humwangukia mwenye kituo. Bei hiyo imeanzia mbali, kwenye soko la dunia, na miongoni mwa wanaosomwa kwa makini sokoni humo yumo Mturuki mmoja ambaye wengi wetu hatumjui. Ni Fatih Birol, Mkurugenzi Mtendaji wa Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lenye makao yake Paris.

Alizaliwa Ankara mwaka 1958. Istanbul alisomea uhandisi wa umeme, kisha akaenda Vienna, Austria, kuchukua uzamili na uzamivu katika uchumi wa nishati. Mji huo ndio makao makuu ya OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta kwa wingi, na kwenye umoja huo alifanya kazi kwa miaka sita. Mwaka 1995 akahamia IEA. Anayezijua taasisi hizi mbili atatabasamu: IEA iliundwa 1974, baada ya bei ya mafuta kupanda takriban mara nne, ili nchi za viwanda zisibanwe tena na wauzaji hao hao. Mwanachama anayeagiza mafuta hutakiwa kuwa na akiba ya kutosha siku 90 za uagizaji. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, Birol akiwa mkurugenzi, wanachama walikubaliana mara mbili kuachia akiba hiyo, jumla zaidi ya mapipa milioni 180.

Lakini kazi yake ninayoiona kubwa zaidi haihusu mapipa. Kwa miaka mingi alisimamia ripoti kuu ya mwaka ya shirika hilo, na toleo la 2002 lilieleza kwamba watu bilioni 1.6 duniani hawakuwa na umeme, na bilioni 2.4 walipikia kuni, mkaa, samadi na mabaki ya mazao. Shirika la waagizaji matajiri lilikuwa na sababu gani ya kujali hayo? Mama anayeokota kuni Singida hanunui chochote kwenye soko la nishati, kwa hiyo katika takwimu za soko hayupo. Hesabu ile ilimwingiza, na tangu hapo suala la wasio na umeme limebaki kwenye meza ya mawaziri wa nishati.

Septemba 2015 akawa mkurugenzi, wa kwanza kupandishwa kutoka ndani ya shirika lenyewe. Milango ikafunguliwa kwa nchi zisizo wanachama kamili. China na India zikaingia kama washirika, na baadaye Kenya.

Ugomvi mkubwa ulikuja Mei 2021. Ripoti ya IEA ilisema kuwa dunia ikitaka kufuta ongezeko la hewa ukaa ifikapo 2050, haihitaji maeneo mapya ya kuchimba mafuta na gesi zaidi ya yaliyokwisha kuidhinishwa. Wauzaji wa mafuta wakaja juu. Tazama neno “ikitaka”: huo ni mwelekeo wenye sharti, na sharti lisipotimizwa hesabu nayo hubadilika. Magazeti mengi hulidondosha sharti, likabaki kama agizo. Watetezi wa mazingira nao walikuwa na lao, kwamba kwa miaka mingi ripoti hizo zilikadiria kasi ya umeme wa jua chini mno. Lawama hii ya pili naiona nzito zaidi, kwa sababu paneli zilizofungwa zilipita makadirio mwaka baada ya mwaka.

Mei 2024 suala la kupikia lilirudi Paris, katika mkutano wa nishati safi ya kupikia kwa Afrika. Birol aliuongoza kwa pamoja na Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri Mkuu wa Norway Jonas Gahr Støre, na Akinwumi Adesina, wakati huo Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ahadi zilifika dola bilioni 2.2. Kwa hesabu za IEA yenyewe, Afrika kusini mwa Sahara inahitaji takriban dola bilioni 4 kila mwaka hadi 2030 ili kila kaya ipikie nishati safi. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi wake kupikia nishati hiyo ifikapo 2034, na sehemu kubwa ya fedha ambazo Afrika inahitaji bado inatafutwa.